Mama, Yule wa Kwenye Runinga Si Wewe

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na afadhali. Tangu arobaini yako nimekuwa nikiitikiwa "marahaba" na kitu kilichovaa sura yako, na kimenichosha.

Nikueleze. Kaka Hamisi alikuja kwenye arobaini. Ndiyo, alikuja. Ulipokuwa umelala mgonjwa hapa Makorora, kila simu ikilia unauliza, "Ni Hamisi?", hakuwa yeye. Tangu siku ya harusi yake alipokuambia mbele ya wakwe zake usishike hina, kwamba kazi ya kupaka watu miguu itamtia aibu, hakukanyaga tena kwako. Wewe uliyemsomesha kwa hina hiyohiyo mpaka akapata kazi ya kompyuta Dar es Salaam.

Basi khitma ikasomwa, watu wakala, wengine wakaanza kutafuta viatu. Hamisi akawaomba wakae kidogo. Akaingiza runinga kubwa kwenye kile chumba chako cha kupambia maharusi, akabonyeza simu yake, na wewe ukatokea. Kanga yako ya njano, kipini chako puani, macho yanapepesa. Alikuwa amekusanya video zote walizokupiga maharusi ukiwapaka, na sauti zote ulizotutumia kwenye kundi letu la familia, akaipa akili mnemba ikatengeneza hicho wanachokiita avata. Akasema tutaongea na mama siku zote.

"Asalaam alaykum wanangu wapendwa," kikasema.

Wanawake walipiga ukelele. Mama mdogo Mwanahawa, mdogo wako wa damu, aliinuka akaenda kupapasa kile kioo kama anapapasa shavu lako. Halafu kile kitu kikageuza macho, kikasema, "Hamisi mwanangu, sina kinyongo na wewe. Nimekusamehe yote."

Hamisi akalia kwa kwikwi. Watu wakamzunguka, wakampa pole, wakamshika mabega. Mimi niliinuka nikachomoa waya ukutani.

"Zuhura, una roho mbaya!" waliniambia. "Mamaako anasema, we unamzima?"

Mamaangu? Mamaangu nilimfumba macho kwa mkono wangu huu.

Kwanza wewe hukuwahi kutuita wapendwa hata siku moja. Ulituita vibwengo. Hukusema "nimekwisha sema" kama kinavyosema hicho, utadhani mtangazaji wa redio. Ulisema "nshasema," na mambo yakaishia hapo. Na ungesonya, Mama. Ule msonyo wako mrefu uliokuwa ukisikika mpaka kwa jirani, tukajua jibu kabla hujafungua mdomo. Kile kitu hakisonyi. Hakikatazi, hakikasiriki, kinakubali kila unachokiambia. Mama gani huyo?

Nilidhani imekwisha. Kumbe Hamisi alikuwa amekiunganisha na namba yako. Kila asubuhi picha yako inatokea kwenye kundi, inatusalimu, inatuuliza tumeamkaje. Watu wakazoea. Mama mdogo ndiye aliyezama kabisa. Yuko peke yake kule Tongoni, unajua mwenyewe, na wewe ndiye uliyekuwa mtu wake wa kuongea naye. Akawa anaongea nacho tangu anafagia uwanja mpaka anapolala. Akakieleza kwamba miguu inamvimba na pumzi inakata akitembea. Unajua kilimjibu nini? Nimeisikia mwenyewe kwenye simu yake, kwa sauti yako: "Pole sana mdogo wangu. Pumzika, mimi nakuombea."

Naye akapumzika, kwa sababu dada yake kasema.

Jirani ndiye aliyenipigia. Nilikodi bajaji, nikamkuta kitandani anahema, miguu inang'aa kwa uvimbe, simu kifuani. Hospitali daktari alitufokea, moyo umeelemewa, mlikuwa wapi siku zote hizi? Na yeye, na mpira wa oksijeni puani, ananiambia, "Dada aliniambia nipumzike." Mama, nililia kwa hasira pale mbele za watu. Wewe ungefika Tongoni na mwiko mkononi! "Mwanahawa, inuka, vaa baibui lako, twende. Nshasema!" Ungemburuta.

Hamisi alipofika nilimsubiri kwenye korido. Hata salamu sikumpa.

"Umetaka kumuua mama mdogo kwa mdomo wa mama," nilimwambia.

"Sikujua, Zuhura. Mimi nilitaka tu nimsikie akisema. Mara moja tu."

"Basi hukumsikia. Ulijisikia mwenyewe."

Akainamisha kichwa. "Kwani unadhani asingenisamehe?"

"Sijui. Na wewe hujui. Hatutajua."

Na kweli sijui, Mama. Uliuliza kama ni yeye, basi. Labda ulikwisha kumsamehe. Labda ulitaka umseme kwanza mpaka utosheke, ndipo umsamehe. Jibu lilikuwa lako na umeondoka nalo, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kulichonga upya na kukutilia mdomoni.

Alikifuta palepale mbele yangu. Laini yako nimeichukua mimi. Mama mdogo alipoambiwa alilia kama siku ile tulipokutoa humu ndani, na hili ndilo linalonichoma kuliko yote: amefiwa na dada yake mara mbili. Yuko kwangu sasa, anameza dawa zake, alhamdulillahi. Ananinunia mimi. Asubuhi haniongeleshi, jioni ananiomba chai.

Ijumaa iliyopita Hamisi alinitaka nimsindikize kaburini kwako. Nilibaki nje ya uzio. Alichuchumaa pale akasema maneno mengi, sikuyasikia na wala sikutaka. Aliporudi uso umelowa.

"Kimya tu," akasema.

"Ehe," nikamwambia. "Ndiyo kufiwa huko."

Sikumkumbatia. Bado nina hasira naye, Mama, na sioni aibu kukuambia.

Nikuage sasa. Wakati tunakuzika watu walikuombea Mungu akupe kauli thabiti utakapoulizwa na malaika kaburini, nami nikaitikia amina kwa mazoea tu. Leo ninaiomba dua hiyo kwa moyo wote: akupe kauli thabiti, na iwe yako. Nami nakuahidi, maadamu niko hai, hakuna mtu wala mashine itakayosema kwa niaba yako tena. Wakinibembeleza, nitawakatalia. Wakiikosa sauti yako, waikose. Mimi pia ninaikosa.

Mwanao,
Zuhura