Firigisi ya Baba

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Nimerudi nyumbani Khayega. Chumba nilichopanga Shirere, karibu na chuo, nimeshamrudishia mwenyewe. Mama amenipokea kwa vigelegele mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Nikacheka nao. Kumbe uso unaweza kucheka peke yake!

Niandike hapa angalau mara moja: mimi Awinja sijahitimu. Mradi wangu wa utafiti sikuuwasilisha. Kurasa kumi na tisa, halafu nikaacha. Msimamizi wangu, Daktari Were, alinikumbusha mara tatu, mwishowe nikawa namkwepa. Orodha ya wanaohitimu ilipotoka, jina langu halikuwemo. Nyumbani nikasema limo.

Jumatano, 26 Novemba

Philip, mwenyekiti wa vijana kanisani, amekuja. Jumapili kuna ibada ya shukrani — kwa ajili yangu! Fulana zimeshachapishwa, neno moja kifuani: ACHIEVE. Anataka niwaeleze vijana neno hilo limetoka wapi na lina maana gani, kwa kuwa mimi ndiye msomi. Nilitaka kukataa. Nikasema sawa.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimeshinda na kamusi. Neno lilitoka kwa Wafaransa wa kale. Kwao ilikuwa kukifikisha kitu kichwani, yaani kwenye mwisho wake. Waingereza walipolichukua likawa na maana ya kumaliza, basi. Baadaye ndipo likaongezewa mengine: kupata kwa jasho, kufaulu, kushinda.

Hiyo maana ya kwanza nimeisoma mara nne. Kurasa kumi na tisa!

Nikafunga kamusi nikaenda kuchambua mboga. Mama akanifukuza jikoni, eti nisichafue mikono ya digrii. Baba naye amemfungia jogoo wa Jumapili, yule mwekundu anayempenda.

Jumapili, 30 Novemba

Nimeongea. Wafaransa niliwataja, kichwa nikakitaja. Nilipofika kwenye kumaliza, nikaruka. Nikaenda moja kwa moja kwenye jasho na ushindi. Makofi! Mzee mmoja wa kanisa alifuta machozi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Kisha tukaja kula nyumbani. Watu wamejaa uani, obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku wetu, mezani. Hapa kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba, mwanamke haigusi. Mama ameipika miaka thelathini na mmoja na hajui ladha yake. Mimi mwenyewe nililalamikia jambo hilo tangu nikiwa mdogo, nikaambiwa nina mdomo.

Leo Baba alisimama na sahani yake, akaja mpaka nilipokaa, akaihamishia firigisi kwenye sahani yangu. Watu wakageuka kututazama.

"Hii nimekulanga mimi peke yangu," alisema. "Hata mamako sijawahi kumpa. Leo ni ya Awinja, kwa sababu amemaliza."

Nilisema nakwenda kunawa. Nikakimbilia jikoni na sahani yangu, nikamwambia Mama yote kwa sauti ya chini. Orodha, Daktari Were, miezi yote ile ya kudanganya kwenye simu. Hakulia. Aliniuliza kama kuna mwingine anayejua. Hakuna. Akaitazama firigisi.

"Usikule," akasema. "Ukikula, hutawahi kumwambia."

Sasa niko chumbani, nimeegemea mlango, daftari gotini. Naona aibu hata kwa ukuta. Firigisi imepoa kando yangu. Nje wanaimba, na Philip anapanga watu kwa ajili ya picha. Baba ananiita — mara ya pili hii. Anataka nipigwe picha nikiila, yeye kando yangu, amevaa ile fulana.

Nitaibeba sahani kwa mikono miwili, nimrudishie mbele ya watu wote. Nimeamua. Miguu ndiyo bado.

Anaita tena. Sauti yake imejaa furaha.