Manjano Yangu na Vibao Vyako vya Japani

Mkunazini, Mji Mkongwe,
Unguja.
9 Februari 2025

Mpendwa mjukuu na mume mwenzangu Mahfoudh,

Marahaba! Naitikia kabla hujaniamkia, maana shikamoo zako siku hizi zinachelewa kuliko meli ya saruji. U mzima? Kifua chako na baridi ya Japani vinapatana? Sisi wazima, ila goti langu la kushoto halinitii.

Ile makala yako ya semikondakta nimeisoma yote, na ukurasa wa tano umekosea hesabu. Haya, uongo. Alinisomea dada yako Nassra, nikalala ukurasa wa pili. Lakini nshaelewa: vibao vyako umevipaka oksidi ya zinki, kitu kisichopitisha umeme kama shaba wala kuuzuia kama kigae, na mpako huo unaifanya tochi ya leza ione hata chembe ambayo pua ya paka haiipati. Kila kitu kina mistari yake kwenye kompyuta. Vizuri. Sasa nisikilize, maana nna hasira.

Vibao ulivyomtumia rafiki yako Anwar wa chuoni vilifikia kwetu, vikakaa wiki nzima. Halafu akaja navyo Darajani kupima viungo. Akaanzia meza yangu, kwa heshima ati. Akavidondoshea maji ya manjano yangu, akamulika, akaguna, kisha kwa sauti ya mwadhini: "Babu, humu mna kitu, si manjano matupu."

Sokoni, Mahfoudh! Saa nne asubuhi! Shaame wa meza ya pili akadakia, "Makungu, kumbe unatulisha rangi ya milango?" Watu wakacheka. Miaka arubaini na mitatu nasaga manjano kwa mikono hii! Siku ya tatu hoteli ya Paje ikaacha kuchukua kwangu. Majirani wananunua kwa Shaame, mimi wananipita kama nguzo ya umeme.

Sikukubali. Nikamvuta Anwar nyumbani, nikamtilia maji ya Zamzam aliyotuletea jirani yetu Bi Rukaiya alipotoka Hija. "Pima!" Akapima. Mistari ile ile. "Haya, nenda ukayatangaze na haya sokoni!" Akanusa kikasha cha vibao, akanitazama.

Udi. Bibi yako Thuwaiba, kwa kuwa vimetoka kwako, alikuwa akivifukiza juu ya chetezo kila magharibi kama nguo za harusi.

Anwar akakumbuka kuwa vibao hivi, si kama vile vya wengine vinavyopakwa fedha, ukivianika juani vinaunguza uchafu wake vyenyewe. Tukavianika juu ya paa siku mbili. Tukapima tena: Zamzam safi, manjano safi. Unajua akafanya nini? "Samahani, babu," kwa kunong'ona, mlangoni, huku anavaa viatu! Kunichafua, sokoni, kunisafisha, kizani mwa ukumbi! Kila nikimwambia akaseme kule kule, mara ana mtihani, mara ana mafua.

Na wewe usicheke. Kikasha kizima hukuandika hata "msifukize". Umesahau ulikozaliwa? Nyumba gani ya Unguja kitu kinachopendwa hakipigwi udi?

Nassra na shangazi yako Mashavu wanakusalimu sana. Bi Rukaiya anauliza utaoa lini. Mola akulinde, akuzidishie elimu, na kumbukumbu kidogo.

Nna ombi dogo, na unadaiwa. Ulipoifumua redio ya bibi yako ukashindwa kuirudisha, nani alisema "ni mimi"? Wiki mbili nilikunywa chai bila sukari. Basi nawe nibebee hili. Rikodi sauti yako, itume kwenye simu ya Nassra. Sema kosa ni lako, hukutuambia vibao vinatunzwaje, na manjano ya Makungu ni safi. Nitaifungua saa nne, mbele ya Shaame, mpaka mwisho.

Udi usiutaje. Bibi yako hajui, na jana kafukiza tena, shati lako la skuli.

Akupendaye kwa hasira zake zote,
Babu yako,
Makungu