Shamba ya Mama mu televizio

Lushebere, tarehe 8 mwezi wa tano 2023

Mpendwa kaka Léonard,

Ninakusalimia wewe, shemeji Gaëlle na batoto. Mifupa inaendelea aje na ile baridi ya Kanada? Sisi huku kambini tuko hai. Mvua inatupiga, bâche ya paa inavuja mahali pamoja tu, na pale njo nalazaka kichwa yangu. Mama iko muzima. Anakohoa kidogo asubui, lakini sauti ya kunigombeza haijapunguka hata kidogo.

Usishangae karatasi. Kwa simu Mama anakaaka karibu na anasikia yote. Leo sitaki asikie.

Ile machine ya michezo ulituma ilifika. Aksanti sana. Ulisema michezo yake ni midogo, ya ku-télécharger. Mimi na darasa zangu tatu nikajua ni ku-charger, kujaza umeme. Nikaichomeka kwa panneau ya jua, ile inatupatia courant, siku mbili ili ijae michezo. Thierry, ule mwenye kuuzisha mégas za internet hapa, alicheka mpaka akakaa chini: «Kaka Honoré, ungeichomeka mpaka Yesu arudi.» Njo yeye alinishushia michezo tatu ku internet, kule Masisi centre kwenye réseau inashika.

Uliuliza niliionaje. Kaka, kusema kweli, mara ya kwanza nilisikia haya. Batu wake ni wa pembe-pembe kama vipande ya sabuni. Moja ni paka yenye kuruka, ingine ni kuvua samaki, ya tatu ni kulima. Vijana wenye kunilipaka wacheze football ku televizio yangu waliona ile kajembe, wakaanza: «Papa Honoré, tumekimbia mashamba, na wewe unatulipisha tulime tena?» Wakatoka wote.

Mama njo alibakia. Alitazama ile kamutu kenye kofia, akasema: «Huyu anashika jembe kama soldat anashika bunduki.» Nikamupa manette, ile ya kushika na kufinya-finya, ili nicheke. Sikucheka sana. Siku ya tatu alikuwa ananishinda. Maharagi kule inaiva kwa siku ine, Mama anasema hiyo ni uchawi, lakini anapalilia. Sasa kila siku kisha kula anakuya na kiti yake.

Na analima sawa kwetu, ku ile shamba tulikimbia. Mistari ya maharagi hapa, migomba upande wa mto. Lakini kona moja, juu, hapandi kitu. Nikamuambia: «Mama, unaharibu nafasi.» Akanijibu bila kuniangalia: «Pale Papa yako analala. Unataka nimupande maharagi kwa kifua?»

Mu ule mchezo kuko kisanduku. Kitu unaweka ndani, ile kamutu ikilala, asubui kimekwisha kuuzwa. Mama alivuna mara ya kwanza, akakataa kuweka. Unajua kwetu mavuno ya kwanza haiuzwake, inapikwa kwanza, wazee waonje. Akaniuliza: «Na kama mutu ameweka kwa kukosea, anaweza kuitoa?» Nikasema: «Hapana Mama. Akilala, imekwenda.» Akasema: «Basi mutu akuwe anafikiri mbele ya kulala.»

Kaka, mimi nimelala miaka mbili.

Shamba yetu niliiuza. Ule mwaka tulikimbia, tajiri moja wa ng'ombe alinitafuta hapa kambini. Nikajiambia vita haitaisha, shamba itapotea bure, heri nipate kitu. Niliweka signature peke yangu, nikijifanya mimi njo mukubwa wa jamaa. Kaburi ya Papa nilisahau kuisema. Hapana, sikusahau. Niliogopa bei ishuke. Ile televizio na ile panneau vilitoka pale. Mama analima shamba ya uongo na courant ya shamba yake ya kweli.

Mbegu za maharagi amekwisha kuchagua, amezifunga mu chupa ya mafuta, iko chini ya kitanda. Anasema vita ikitulia, mwezi wa tisa tunapanda. Anasema mikono imekumbuka.

Mimi mwenye kuchekesha kambi muzima, mbele yake naongeleaka mvua tu. Wewe njo mukubwa. Nimuambie? Ao ujaribu kusema na ule tajiri, aturudishie hata ile kona tu, penye Papa iko? Namba yake nimeandika nyuma ya karatasi hii. Na ukitaka kunitukana, unitukane kwa barua, si kwa simu.

Salimia Gaëlle, salimia Estelle, ule mutoto wenu mukubwa. Shangazi Libérata wa Bweremana anakusalimia, juzi alituletea sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Mama anakubariki, anasema Mungu akulindie mikono, sababu umemurudisha mu shamba. Na kuko kitu anakuomba. Uulize wale wenye kutengeneza ule mchezo kama wanaweza kuongeza mahali pa kuweka sahani moja ya maharagi, ku ile kona, bila kuiuza. Nilimuahidi nitaandika. Basi nimeandika.

Mudogo wako, mwenye kukupenda na mwenye haya,
Honoré