Gauni la Harusi ya Ng'ambo

Kariakoo, Dar es Salaam

Kwa kaka yangu mpenzi,

Shikamoo kaka. Mmeamkaje huko Lindi? Kifua cha wifi kimepoa? Mimi mdogo wako mzima, cherehani inakwenda, ila sukari tunaipata kwa foleni na roho yangu haijatulia. Barua hii isome ukiwa peke yako, Somoe asisikie.

Fedha ya korosho uliyoniletea kwa ajili ya harusi ya mwanao Somoe sijailipa. Usinune kwanza! Ulitaka kuituma moja kwa moja kwenye sanduku la posta la ile kampuni ya ng'ambo ya kuandaa harusi, nikakukatalia, ukaniita mbishi. Haya, sikiliza mbishi alichokiona.

Jumanne nilikwenda kwa wakala wao, mtaa wa Msimbazi. Ofisi yenyewe chumba cha kupanga, meza moja, na yeye kavaa tai kwenye joto lile. Akanieleza kwamba tukilipa, Somoe atapelekwa kwa meli mpaka kwa mchumba wake Rajabu, akute ukumbi, gauni na keki, vyote tayari. Nikamwambia, "Sawa baba. Fedha tuiweke kwa imamu wetu. Siku Somoe akiniandikia kwa mkono wake kwamba ameolewa, imamu anakukabidhi yote."

Akacheka. "Kampuni za ng'ambo hazifanyi hivyo, mama. Unalipa yote leo, au nafasi anachukua mwingine."

"Thubutu! Hata mahari ina ya kutanguliza na ya baadaye, sembuse wewe nisiyejua ulikozaliwa?"

Alipoona nainuka, akafungua kabati, akatoa gauni jeupe. Eti ndilo atakalovaa mwanetu, limeshonwa hukohuko. Nikaligeuza, maana fundi haangalii nguo kwa nje. Kaka! Pindo limeshonwa kwa uzi wa mfuko wa unga! Nani huko ng'ambo ana shida ya uzi? Uzi ule niliufumua mimi, nikautia bluu ya kufulia ung'ae, mwezi ule uzi mweupe ulipoadimika madukani. Gauni nimelishona mwenyewe, hapahapa barazani.

Nikalikunja gauni, nikamrudishia. Nikamwambia nitarudi kesho, nikatoka, fedha yako nimeifutika kiunoni.

Sasa aliyenishonesha ni nani? Bi Zuhura, shangazi yake Rajabu! Alisema ni la binti yake. Siku aliyokuja kulichukua ndipo alipoiona picha ya Somoe ukutani kwangu, akauliza ni mtoto wa nani, baba yake ana mikorosho mingapi. Nami kwa kiherehere changu nikamjibu yote. Wiki ya pili akaleta posa, na kampuni hiyo akatutajia yeye. Mchuma janga hula na wa kwao. Nisamehe kaka, najuta mpaka chakula hakipiti.

Jana nilimfuata kwake. Nikamwomba barua moja tu ya Rajabu, yenye stempu ya huko. Akasema zote zimeliwa na mchwa.

Fedha yako iko salama kwa imamu. Lakini mimi silii fedha. Wewe ulikubali posa kwa picha ya bwana harusi, mimi kwa maneno ya mteja, na mtoto amekaa anahesabu miezi. Kati yetu nani amewahi kumwona huyo Rajabu kwa macho yake?

Nisalimie wifi, na mama mwambie namwamkia. Somoe usimwambie kitu, nakuja mwenyewe. Mimi ndiye niliyemletea mchumba, basi niache niwe mimi wa kumwambia kwamba huenda hayupo.

Mdogo wako,
Mwanahawa