Maharagi ya jirani

Masika, mujukuu wangu,

Huku Butembo tuko wazima, na mugongo yangu imepunguza kuuma. Unauliza kama ni wewe ao katekista atafundisha mutoto wako mambo ya Mungu.

Wakati nilikuwa mutoto, katekista wetu alikuwa anafundishia batoto kwetu nyumbani. Siku moja mvua ikaanza. Akafunga kitabu: «Mukimbie, muingize maharagi ya ule mujane jirani, yeye iko ku shamba!»

Lakini yetu pia ilikuwa inje, inakauka. Nikaangalia mama.

«Umesikia mwalimu. Enda!»

Tuliporudi, yetu ilikuwa imelowana yote. Mama akamupa katekista kiti karibu na moto.

Tulikula maharagi yenye kuota juma nzima. Kila mara mama alishukuru Mungu mbele ya ile sahani, mimi nikaitika: Amina. Amina yangu ilianzia pale, kati ya mama na katekista.

Koko wako