Waya wa Chumba cha Uani

Ndugu yangu, weka chakula pembeni kwanza. Kinywa changu kimenajisika.

Si unajua nimehamishiwa chumba cha uani, waifai haifiki? Leo nikavuta waya kutoka ruta ya sebuleni, nikaupitisha kwenye bomba la zamani la ukutani hadi kwangu. Ukatoka na utelezi. Koleo sina, nikaumenya kwa meno. KWA MENO!

Mtandao ukashika, nikatangaza ushindi. Mama akauliza, "Umepitisha wapi?"

"Bomba lile lisilotumika."

"Lisilotumika? Bibi yako humwagia humo maji ya meno yake ya bandia!"

Ya bandia, ndugu yangu! Nimesukutua kwa sabuni, ladha haitoki.

Bibi kacheka kibogoyo: "Mume wangu, basi tumeshabusiana."

Ruta nimeizima; mtandao wenyewe siutaki tena.