Kaka, Usiiwashe Tena Mashine

Kaka Mhina,

Shikamoo. Ulizoea kuniitikia kabla sijamaliza kukuamkia, kwa haraka zako za kurudi kazini. Nakuandikia mchana, nimekaa nje ya kibanda cha kusagia, na humo ndani mashine inanguruma. Hakuna mtu ndani.

Tulipomaliza matanga yako, mashine ilikataa. Unajua mwenyewe mtindo wako: ukitaka kuiwasha unatutoa wote, unafunga mlango, unagonga chuma kwa spana, ko, ko, ko, ndipo inanguruma. "Tokeni, inaona haya," ulikuwa unasema, nasi tunacheka. Ulikuwa na maringo, kaka, na kijiji kilikulea hivyo. Sote tulilima shamba la ujamaa na kugawana sawa, lakini wewe ulibembelezwa utoke kwetu Handeni uje huku nilikoolewa, ukajengewa nyumba ya bati, ukatengewa nyama, na jembe lako likashika kutu. Mwenyekiti alituhubiria kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, kisha akatukataza kuigusa mashine yako.

Basi wanawake tukarudi kwenye vinu. Vijana walizungusha hendeli mpaka viganja vikachubuka. Akaitwa fundi mashuhuri wa Mkumbara, naye akataka nyumba kama yako. Alipofika mlangoni alisimama, akasikiliza. "Mbona mna fundi tayari," akasema, akarudi zake bila hata kunywa maji.

Tukatoka sote kwa kukata tamaa, tukafunga mlango. Tukasikia ko, ko, ko. Mkono wako naujua. Na spana yako wazee walinikabidhi mimi, iko chini ya kitanda changu.

Tangu hapo tunamimina mahindi, tunatoka, tunafunga, na Mwenyekiti anapiga hodi na kukuamkia. Watu wamefurahi. Mwenyekiti anasema kijiji hakijapata fundi bora kuliko wewe wa sasa, maana hudai nyumba wala nyama. Mkutano umeamua asiajiriwe mwingine, na vijana wasihangaike kujifunza.

Mimi naogopa, kaka. Unga wa mashine hutoka wa moto. Unakumbuka tulivyokuwa tukiutumbukizia mikono asubuhi za kipupwe. Huu wa sasa ni wa baridi kama udongo wa kisimani. Nyumbani kwangu siupiki. Na kugonga kwako kumekuwa kwa taratibu. Kati ya pigo na pigo nasikia pumzi ya mtu aliyechoka.

Nilisimama mkutanoni nikawauliza, huyu mtu atapumzika lini? "Dada, mwache kaka yako afanye kazi," Mwenyekiti akanijibu. Nilirudi nyumbani nikalia kwa hasira.

Kesho asubuhi tutaingia, mimi, jirani yangu Mama Zaina na vijana wawili waliokubali. Mlango tutauacha wazi. Tutaifungua mashine yote, na spana yako itapita mikononi mwa kila mmoja wetu mpaka sote tuijue. Tutakosea sana. Huenda tukatwanga kwa vinu hadi mavuno yajayo, na watu watanichukia. Nakuahidi sitaacha.

Nenda kalale, kaka yangu. Nimekusamehe maringo yako yote. Ila najijua, sina moyo mgumu. Ipo siku tutakwama, watoto watalia njaa, nami nitafunga mlango nikuite kwa jina.

Usije.

Mdogo wako,
Mwanahawa